Makisio, Makadirio na Bajeti

Katika ofisi zetu za tijara na za serikali neno bajeti limekwisha kupata makazi, wala hapana haja ya kulifukuza; lakini kando yake laishi neno makadirio, na aghalabu makarani, wakuu wa idara na hata wenye mali huyatumia maneno haya mawili kana kwamba maana yao ni moja. Maana zao zakaribiana, lakini si moja, na mtu atakayezitenganisha barabara atakuwa amekwisha kufahamu nusu ya kazi ya kupanga fedha za mwaka na kuzisimamia.

Asili ya bajeti ni neno la Kifaransa cha kale lililokuwa na maana ya mkoba mdogo wa ngozi, ambalo Waingereza walilichukua likiwa na maana hiyo hiyo. Mwaka 1733, Robert Walpole, waziri wa fedha wa Uingereza, alipokuwa akitengeneza mpango wake wa ushuru wa bidhaa, wapinzani wake walitoa kijitabu cha dhihaka kilichomwonyesha kama tabibu mlaghai afunguaye mkoba wake wa dawa mbele ya watu, na tangu zama hizo jina la mkoba likaambatana na hesabu ambazo waziri wa fedha huzifungua mbele ya Bunge. Wafanyabiashara walichelewa kulitwaa. James McKinsey, aliyekuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa mwaka 1922 kitabu kizima juu ya kuongoza biashara kwa bajeti, na tokea hapo desturi ya mabunge ikaingia katika viwanda na maduka makubwa.

Makadirio nayo yametokana na kadiri, neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kipimo au kiasi. Akadiriaye ni yule apimaye jambo lisilotimia bado kwa kutumia yale yaliyokwisha kujulikana: mauzo ya mwaka uliopita, bei za sasa, mikataba iliyotiwa saini. Hapo ndipo atengwapo na akisiaye, kwa sababu makisio ni dhana, nayo yaweza kutolewa na mtu ambaye hakufungua daftari hata moja. Ama mizania, ambayo kwa Waarabu hutumika pia kwa maana ya bajeti, Kiswahili kimeiweka mahali pengine, nayo ni orodha ya mali, madeni na mtaji kwa siku iliyotajwa. Basi Mswahili wa Maskati asemapo mizania na mwenziwe wa Dar es Salaam hawana budi kuulizana kwanza wakusudia nini.

Tofauti ya makadirio na bajeti imo katika idhini. Katiba ya Tanzania huyataja maneno yote mawili: ibara ya 137 hunena juu ya makadirio ya mapato na matumizi yanayotayarishwa na kupelekwa Bungeni kila mwaka wa fedha, na ibara ya 90, inayohusu kuvunjwa kwa Bunge, hunena juu ya bajeti ambayo Bunge laweza kukataa kuipitisha. Sidai kwamba waandishi wa Katiba walikusudia kuweka mpaka kati ya maneno hayo, lakini nashauri sisi tuuweke: makadirio yawe ni yale anayoyapima mtu na kuyapeleka mbele ya mwenye mamlaka, na bajeti iwe ni makadirio hayo yakiisha kuidhinishwa, yakawa ruhusa ya kutumia fedha na ahadi ya kuzitafuta.

Tutazame kazi yenyewe katika duka la jumla la vyakula mjini Mombasa. Tuseme mwenye duka atarajia kuuza kwa shilingi 36,000,000 katika mwaka. Karani mvivu atazigawanya kwa kumi na mbili, aandike 3,000,000 kila mwezi, na atakuwa amekisia wala hakukadiria, kwa kuwa mauzo ya duka lile hufuata mwandamo wa mwezi, na mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2023 Ramadhani iliandama baada ya tarehe 20 Machi. Mwaka 2025 iliandama mwanzoni kabisa mwa Machi. Kwa hiyo pilikapilika za kununua tende, unga na sukari, ambazo hushika kasi katika Shaabani, mwezi ambao wazee wa pwani huuita wa Mlisho, ziliangukia Machi katika mwaka ule wa kwanza na Februari katika huu wa pili. Atakayenakili tarakimu za Machi iliyopita na kuzibandika kwenye Machi ijayo ataagiza mali kwa kuchelewa, kisha ailaumu bahati.

Baada ya mapato huja matumizi, na hapa yafaa kutenga yale yasiyojali wingi wa mauzo, kama kodi ya pango na mishahara, na yale yapandayo na kushuka pamoja nayo, kama ununuzi wa bidhaa na uchukuzi. Kisha kila gawio la fedha lipewe jina na mwenyewe. Serikali ya Tanzania ina msamiati mzuri kwa kazi hii: fungu hugawanywa katika vifungu, na vifungu katika kasma, neno lililotoka katika Kiarabu cha kugawanya, nayo makampuni yangefaidika kuyaazima. Kasma isiyo na mtu wa kuijibia hutumiwa na wote bila kulindwa na yeyote, na mkuu wa idara atakaye kuhamisha fedha kutoka kasma ya usafiri kwenda kasma ya samani hana budi kuomba idhini, maana aliruhusiwa jambo moja, si jumla ya fedha afanyie apendavyo.

Mwaka ukisha kuanza, kila mwezi hesabu halisi huwekwa sambamba na bajeti, na pengo lililo baina yao huitwa tofauti. Tofauti haisemi peke yake, yataka kuulizwa. Tuchukulie kwamba bajeti ya mwezi iliruhusu magunia 100 ya sukari kwa shilingi 6,500 kila moja, yaani 650,000, na zikatumika 780,000. Yamkini yalinunuliwa magunia 120 kwa bei ile ile, kwa sababu wateja waliongezeka, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Na yamkini yalinunuliwa magunia 100 kwa shilingi 7,800, na hapo faida imeliwa na bei. Kiasi kilichozidi ni 130,000 katika hali zote mbili, ilhali dawa ya moja haifai kwa nyingine.

Hapa ndipo mpaka niliouomba utoapo faida yake. Mambo yakigeuka katikati ya mwaka, wengi hufuta tarakimu za zamani na kuandika mpya juu yake chini ya jina lile lile la bajeti, na mwisho wa mwaka kila kitu huonekana kimekwenda sawa, kwa kuwa kipimo kimekuwa kikikimbizana na kipimwacho. Afadhali bajeti ibaki kama ilivyoidhinishwa, isibadilishwe ila na yule aliyeiidhinisha, na kandoni mwake yaandikwe makadirio mapya kila mwezi kwa kadiri ya habari zilizopatikana. Safu ya kwanza yaonyesha tuliloahidi, na ya pili tunakoelekea. Mwenye mali aitazamaye ya pili ajua mapema kama atapata ziada au nakisi, na aitazamaye ya kwanza ajua nani wa kuulizwa.