Heshima kwa Bikira Maria na suala la kuabudu

Waprotestanti wengi hushikilia kwamba Wakatoliki humwabudu Maria, wakitaja rozari, sanamu na kupiga magoti. Ishara hizo peke yake si ushahidi, maana hata wafalme hupigiwa magoti. Kipimo thabiti ni sadaka, kwa kuwa hiyo hutolewa kwa anayeabudiwa tu. Katika karne ya 4, Epifani, askofu wa Salamina huko Kupro, aliwashutumu wanawake wa Uarabuni waliotandika kitambaa juu ya kiti, wakaweka mkate na kuutoa kwa jina la Maria. Maria aheshimiwe, alifundisha, lakini wa kuabudiwa ni Mungu tu. Hadi leo Misa, sadaka kuu ya Wakatoliki, hutolewa kwa Mungu hata katika sikukuu za Maria, na katika sala ya Salamu Maria anachoombwa ni kuwaombea wakosefu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba muumini wa kawaida huenda asiuone mpaka huo kati ya heshima na kuabudu, akamtegemea Maria kuliko Kristo. Hatari hiyo ipo kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1964, uliwaonya wahubiri waache kutia chumvi wanapomsifu Maria. Lakini anayefika huko anakiuka mafundisho ya Kanisa lake, hayatekelezi.