Ombi la Taarifa na Hatima ya Rufaa: Sheria za Kenya na Tanzania za Mwaka 2016

Haki ya mwananchi kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali imo katika katiba za Kenya na Tanzania, na kila moja ya nchi hizo ilitunga sheria ya kuitekeleza mwaka 2016. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa raia haki ya kupata taarifa zinazoshikiliwa na dola, na hata zilizo kwa mtu binafsi endapo zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki nyingine. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania nayo hutamka haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Hoja ya makala haya ni kwamba haki hiyo huthibitika, au hupotea, katika hatua mbili: uandishi wa ombi, na uamuzi wa rufaa ombi linapokataliwa.

Nchini Kenya, ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili na kupelekwa kwa mtendaji mkuu wa taasisi, au kwa afisa aliyekabidhiwa jukumu hilo. Mwombaji asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu huruhusiwa kueleza haja yake kwa mdomo, na afisa hupaswa kuiandika na kumpa nakala. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Kinacholipiwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha. Zaidi ya yote, mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka taarifa, wala afisa hana ruhusa ya kumnyima kwa kushuku nia yake. Kwa hiyo swali la karani, “Unazitakia nini?”, halina nafasi katika sheria.

Uhuru huo hauondoi haja ya ombi kuwa mahususi. Anayeomba “taarifa zote kuhusu maji” humpa afisa mwanya wa kujibu kwa jumla au kutojibu kabisa. Anayeomba nakala ya mkataba wa kuchimba kisima cha wadi fulani, hati za malipo aliyopewa mkandarasi katika mwaka wa fedha uliotajwa, na ripoti ya ukaguzi wa kazi hiyo, humwachia afisa njia mbili tu: kutoa hati au kutaja sababu ya kisheria ya kuzizuia. Ni busara pia nakala ya mwombaji igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa siku huhesabiwa kuanzia hapo.

Sheria ya Kenya huitaka taasisi ijibu ndani ya siku 21. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litolewe ndani ya saa 48. Muda waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, na ombi lililofika ofisi isiyohusika lihamishwe ndani ya siku tano. Muda ukipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Kanuni hii ya mwisho ina uzito mkubwa, kwani hugeuza ukimya kuwa uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa.

Zipo taarifa zinazoweza kuzuiwa kwa haki: zinazogusa usalama wa taifa, faragha ya watu, mijadala ya Baraza la Mawaziri au maslahi halali ya kibiashara. Hata hizo, mahakama yaweza kuagiza zitolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara ya kuzitoa.

Anayenyimwa ana siku 30 za kuomba mapitio katika Tume ya Haki ya Utawala, chombo huru kilicho nje ya ofisi iliyokataa. Tume yaweza kuita mashahidi, kuamuru taarifa itolewe na kupendekeza fidia, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu. Uzito wa njia ya mahakama ulidhihirika Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoiamuru serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa kwa wanaharakati waliokuwa wameiomba. Sehemu ya hati hizo iliwekwa hadharani Novemba mwaka huohuo.

Tanzania Bara imejenga mfumo tofauti. Taasisi hupewa siku 30 kujibu. Aliyenyimwa humrudia kwanza mkuu wa taasisi ileile, na kwa taasisi zilizo chini ya Waziri, rufaa huishia kwake, na uamuzi wake ni wa mwisho. Hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Isitoshe, anayetoa taarifa zilizozuiwa hukabiliwa na kifungo cha miaka mitatu hadi mitano. Afisa anayeogopa jela kwa kutoa, lakini haogopi sana kunyima, hatakawia kuchagua kunyima.

Watetezi wa udhibiti husema ofisi ndogo zitaelemewa na maombi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kutoa taarifa kabla hazijaombwa, yaani bajeti, mikataba na orodha za wanufaika wa basari, na kutunza kumbukumbu vizuri, maana faili lisiloonekana halimfai mwombaji wala afisa.

Marekebisho yanayohitajika yako wazi. Tanzania inahitaji chombo huru cha kusikiliza rufaa, pamoja na kinga kwa afisa anayetoa taarifa kwa nia njema. Kenya, ambayo tayari ina chombo hicho, inahitaji kukipa fedha na watumishi wa kutosha na kuhakikisha maagizo yake yanatekelezwa bila kumlazimisha kila mwananchi kwenda mahakamani.