Kabla ya twiga, Bamburi ilikuwa shimo

Kama ulisoma shule ya msingi Mombasa, bila shaka ulipelekwa Haller Park kwa basi la shule. Nami nilipelekwa nikiwa darasa la sita, enzi zile dunia nzima ikimzungumzia Owen, kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Tulilisha twiga, tukanywa soda, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba siku nzima tulikuwa tumesimama ndani ya machimbo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hutaka mawe ya chokaa, na ya pale ni matumbawe ya kale. Basi miti ikafyekwa, udongo ukaondolewa, mwamba ukachimbwa hadi karibu na maji ya chini ambayo yana chumvi. Kilichobaki kilikuwa sakafu nyeupe inayochoma macho wakati wa jua.

Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akisimamia bustani za kampuni, alianza kujaribu miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, damas na mvinje. Mvinje ndio uliotia fora, maana unavumilia chumvi na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Tatizo likawa majani yake. Yalianguka, yakarundikana, hayakuoza. Dawa ilikuwa jongoo, huyu huyu tunayemfanyia utani wa mtungi! Waliletwa kwa mamia, wakala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Baadaye zikaja aina nyingine za miti, mabwawa ya samaki, pofu na choroa. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa milango. Mwaka 1987, mwaka ule ule ripoti ya tume ya Brundtland ilipoeneza msemo wa maendeleo endelevu, Haller alipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa.

Hadithi tamu, na huwa inasimuliwa kama ngano ya mtu mmoja na miti yake. Mimi hapo ndipo ninapokwama. Mwaka 1971 hakukuwa na sheria ya mazingira ya Kenya iliyomlazimisha mtu kupanda hata mche mmoja. Sheria ya usimamizi wa mazingira, EMCA, ilipitishwa 1999. Sheria ya Madini inayomtaka mwombaji wa leseni awe na mpango wa kurejesha ardhi, pamoja na dhamana ya fedha, ni ya 2016. Bamburi ilifanikiwa kwa sababu mwenye shimo alikuwa bado yupo, ana pesa, na kidonda chenyewe kilionekana na kila mpita njia.

Sasa njoo Mikindani, Mombasa hiyo hiyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kilianza kazi 2007, EMCA ikiwa imeshatimiza miaka minane. Kilifungwa 2014, kikaacha risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akaathirika, aliongoza mapambano na kupata tuzo ya Goldman 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne. Rufaa zikafuata, na fidia ile ikarudishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Hesabu mwenyewe: kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi huo ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa chekechea ameshafika sekondari.

Na risasi, ndugu zangu, haina jongoo wake. Haiozi. Udongo wenye sumu hiyo inabidi uzolewe upelekwe kwingine, au ufunikwe na kulindwa, na kazi zote mbili ni ghali. Kwa hiyo ningependa kuona dhamana ile wanayodaiwa wachimba madini ikidaiwa pia kwa tanuri kama lile, pesa taslimu, kabla halijawashwa. Mwenye kiwanda akishafunga lango na kuondoka, anayebaki na mchanga ule ni mama anayefagia uwanja wake kila asubuhi.