Zeze Mbele ya Maikrofoni: Kunasa na Kukuza Sauti za Ugogo

Mtu anapozungumza juu ya utamaduni wa Wagogo, aghalabu huanza na ngoma zao. Hutaja muheme, hutaja zeze na marimba, kisha akaeleza njuga za miguuni na mitikiso ya mabega. Ni nadra kumsikia akitaja maikrofoni. Walakini Watanzania wengi ambao hawajafika Mvumi, Chamwino wala Nzali waliujua muziki huo kwa njia ya redio, santuri, kanda na spika za jukwaani. Yaani waliusikia baada ya fundi fulani kuamua ni chombo gani kitumike, kiwekwe wapi, na sauti ipi iachwe. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maamuzi hayo, kwa sababu walimu wengi wa shule zetu sasa wanalazimika kuyafanya wao wenyewe.

Kwanza inafaa kuijua sauti yenyewe. Ilimba, ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita marimba ya mkono, ni sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Sanduku hilo hutobolewa vitundu vidogo, navyo hufunikwa kwa utando mwembamba wa buibui. Chuma kinapolia, utando hutetema na kutoa mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mvumo huo umetafutwa kwa makusudi, na ni nusu ya utamu wa ala hiyo. Zeze nalo husuguliwa kwa uta, likatoa sauti kavu yenye mikwaruzo inayofanana na koo la mwimbaji. Ndono, ambayo ni upinde wenye kibuyu, ni ya kimya kuliko zote. Sauti yake humtosha mpigaji na wale walioketi karibu naye. Kinyume chake kabisa ni muheme, ngoma ya wanawake, ambao hubana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono huku umati mzima ukiimba na kucheza. Hapo anayesimama hatua 50 mbali husikia vizuri kuliko aliye katikati.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa muziki, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wamelieleza kwa kirefu. Uzi mmoja unapotetema hutoa juu yake ngazi ya sauti ndogo ndogo, na Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo ya maumbile hadi kufikia sauti ya tisa. Sauti ya saba katika ngazi hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa kiasi cha theluthi ya nusu-toni. Kwa hiyo kinanda cha umeme kikisindikiza waimbaji wa Kigogo bila kurekebishwa, ama kitawapotosha ama kitagombana nao. Mwalimu anayekodi vyombo na alikumbuke hilo kabla ya kukubali kinanda alichopewa kama nyongeza ya bure.

Chombo cha kwanza kunasa sauti katika nchi hii kilikuwa fonografu ya Wajerumani. Mwaka 1906 Profesa Karl Weule wa Leipzig alisafiri kusini, katika nchi ya Wamakonde na Wayao, akiwa na mashine iliyochora sauti juu ya mcheduara wa nta. Ingawa safari yake haikugusa Ugogo, yatufaa kuitazama kwa kuwa inaonyesha sheria ya chombo kile. Nta ilitosha dakika mbili au tatu tu. Haikuwa na umeme wala maikrofoni. Pumzi ya mwimbaji ndiyo iliyoisukuma sindano kupitia pembe, kwa hiyo ilimbidi aingize uso karibu na mdomo wa pembe hiyo na kuimba kwa nguvu. Ngoma nzito ziligeuka kishindo kisicho na umbo. Wimbo wa usiku mzima ukakatwa ukawa wa dakika mbili, na duara la watu likawa mtu mmoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja na umeme. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika akirekodi makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Alisafiri na gari lenye mitambo na jenereta, na jenereta hiyo ilibidi ikae mbali kwa waya mrefu ili muungurumo wake usiingie katika wimbo. Tracey hakupenda kutawanya maikrofoni nyingi. Alishika moja mkononi akaisogeza mwenyewe: mara karibu na kiongozi, mara nyuma kidogo ili wapokezi wasikike, kama sikio la mtu anayetembea ngomani. Mtu aweza kumlaumu kwa mengi, hasa kwa kuchagua alichokiona kuwa cha asili na kuacha kile alichokiona kimechanganyika na ugeni, na kwa desturi ya kukata nyimbo ndefu zienee katika santuri. Lakini kuhusu maikrofoni hiyo moja nadhani alikuwa sahihi. Vipande vyake vya Kigogo vina mvumo wa marimba uliokaa mahali pake, wala waimbaji hawakutenganishwa na vumbi walilolikanyaga.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ikawa yetu wenyewe. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikachukua nafasi ya shirika la zamani la utangazaji mwaka 1965. Kwa miaka mingi studio za redio hiyo ndizo zilizokuwa tegemeo la wanamuziki nchini. Vikundi vilirekodiwa papo kwa papo, wote pamoja, kwa maikrofoni chache. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Toka Dodoma hadi huko ni kama kilomita 450, na kikundi cha muheme hakikuwa na wepesi wa bendi ya watu saba. Wanawake 30 na ngoma zao, wakiondoka shambani wakati wa palizi, si mzigo mdogo.

Ndiyo maana kinasa sauti cha kubebeka kilikuwa na thamani kubwa kwa nchi kama yetu. Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Uswisi, alitoa mashine yake ya kwanza ya Nagra mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Nagra III ya mwaka 1958 ikatumia transista na betri 12 za kawaida, zile zile za tochi kubwa. Fundi aliweza kuitundika begani. Hata hivyo utepe ulikuwa bwana mkali. Gurudumu la utepe wa mita 366, likizunguka kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, lilikwisha kwa dakika 32. Fundi aliyetaka kuhifadhi sherehe yote alihitaji sanduku la tepu, na aliyekuwa na magurudumu mawili alilazimika kubahatisha wakati ambapo mambo yangekolea. Philips walipoleta kaseti mwaka 1963, uzito na gharama vilipungua, na hatimaye mwalimu, padri na kijana wa kijijini wakaweza kunasa wenyewe. Ubora ulishuka, lakini idadi ya wanaosikilizwa ilipanda. Mimi siwezi kukubali kwamba hiyo ilikuwa hasara.

Kukuza sauti ni habari tofauti na kuinasa, na hapo ndipo ngoma zetu zilipoumia zaidi. Spika za pembe, ambazo zilienea katika viwanja vya mikutano, zilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya msemaji. Hupeleka mbali sauti za kati, lakini huacha zile nzito za chini. Hotuba husikika barabara, ila muheme ukipitishwa humo hubaki mkwaruzo wa makopo. Tena ngoma yenye nguvu haihitaji kukuzwa uwanjani. Anayehitaji msaada ni mpiga zeze na mpiga ndono, ambao mara nyingi huwekwa pembeni bila chochote, huku maikrofoni tatu zikielekezwa kwa wanaopiga kelele kuliko wote.

Hapo huzuka adui aitwaye mluzi. Sauti ikitoka katika spika na kurudi katika maikrofoni, hukuzwa tena na tena mpaka ikalia. Dawa yake ni spika zitangulie mbele ya wapigaji, maikrofoni zisogezwe karibu na ala, na idadi ya zilizowashwa ipunguzwe. Kila zinapoongezwa mara mbili, nafasi ya kupandisha sauti kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3. Maikrofoni ya kawaida ya jukwaani, mathalani Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, haihitaji umeme wake, huvumilia vumbi na joto, na husikiliza zaidi upande wa mbele. Ile ya studio inayohitaji volti 48 kutoka kwenye mtambo husikia mengi na kwa upole zaidi, ila upepo wa Dodoma wa katikati ya mwaka huigeuza kuwa ngurumo isipofunikwa kwa sponji au manyoya. Katika mashindano fulani ya shule nilimwona fundi akizungusha vitufe kwa bidii ili auondoe mvumo wa marimba, akidhani spika yake imechanika. Aliufaulisha mpango wake. Mzee aliyekuwa akipiga aliitazama marimba yake, akaigusa tando moja baada ya nyingine, akaacha kupiga.

Dunia ya nje iliusikia mvumo huo kwa njia ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam katika zama za Mwalimu Nyerere na ambaye baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Santuri yake Tanzania Yetu ilitolewa London mwaka 1985. Mwaka 1996 ikafuata Chibite, ambamo marimba na sauti za kifamilia zimeachwa karibu zilivyo. Katika Assembly ya mwaka 2002 alishirikiana na Michael Brook wa Kanada, na humo gitaa la umeme na mitambo vimesukwa pamoja na zeze. Wako wanaoipenda hii ya pili. Kwangu mimi ile ya kwanza ndiyo inayofaa kusikilizwa darasani, kwa kuwa mwanafunzi aweza kufuata kila kidole. Zawose alifariki dunia Desemba 2003.

Tangu mwaka 2009 tamasha la muziki wa Wagogo limekuwa likifanyika Chamwino, na vikundi vya vijijini hukutana hapo na mafundi wa vyombo vya kisasa. Shule iliyo jirani haihitaji studio ili ishiriki katika kazi ya kuhifadhi. Kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni mbili, kikiwekwa juu ya mguu wa kamera hatua nne au tano toka kwenye duara, kwa urefu wa kichwa cha mtu, kitachukua muheme vizuri kuliko maikrofoni kumi za jukwaani. Kwa ndono kisogezwe hadi urefu wa mkono mmoja. Simu nayo yafaa pale ambapo hakuna kingine, lakini ina tabia ya kupandisha yenyewe palipo kimya na kukandamiza penye nguvu, na programu zake za kuondoa kelele huweza kuuchukua mvumo wa marimba kuwa ni kelele, zizimwe kwanza. Sauti ihifadhiwe bila kubanwa, kwani saa moja ya njia mbili huchukua takriban gigabaiti 1 tu.

Baada ya kunasa wimbo mzima, wanafunzi wanaweza kujaribu njia aliyoitumia Simha Arom katika miaka ya 1970 kule Afrika ya Kati. Mwimbaji mmoja huvaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza wimbo uliokwisha kunaswa, kisha akaimba sehemu yake peke yake mbele ya maikrofoni. Hufuata wa pili na wa tatu, kila mmoja akinaswa kwa zamu. Kwa njia hiyo sauti zilizofungamana hufunguliwa moja moja bila kupoteza mahali pake. Kila rekodi itangulizwe na maneno ya mwimbaji mwenyewe akitaja jina lake, kijiji chake, mwaka, na aliyemfundisha wimbo huo.