Matuta ya Ukambani: Jinsi Mashamba Madogo Yalivyookolewa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husemwa juu ya nyumba, lakini yafaa vilevile kwa shamba. Mfereji mdogo uliochimbwa na maji ya mvua, ambao leo mtoto aweza kuuruka, ukiachwa misimu michache huwa korongo, na korongo halivukwi hata na ng'ombe. Katika insha hii tutatazama jinsi watu wa sehemu moja ya Kenya, waliokuwa na mashamba madogo na fedha haba, walivyouziba ufa wao wakati ambapo nchi yao ilikuwa imekwisha tabiriwa kuwa jangwa. Sehemu hiyo ni Ukambani, hasa ile iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizi ni kaunti mbili, Machakos na Makueni.

Kwanza, msomaji, yakupasa kuijua nchi yenyewe. Upande wa kaskazini kuna vilima vya Iveti, Mbooni na Kangundo, ambako mvua hutosha kiasi. Ukiteremka kusini kuelekea Makueni, nchi huwa ya joto na kavu. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Wakamba huitegemea zaidi ile ya vuli. Mvua yenyewe haiaminiki. Mwaka mmoja hutosha, mwaka wa pili hukatika katikati mahindi yakiwa yanachanua. Tena ijapo, huja kwa nguvu, ikaipiga ardhi iliyokauka na kukosa majani kwa miezi mingi. Maji hayapati nafasi ya kuzama. Huteremka mbio kilimani, nayo hayateremki peke yake, bali huchukua ule udongo mweusi wa juu ambao ndio chakula cha mimea.

Zamani Mkamba alikuwa na njia yake ya kuishi na nchi kama hiyo. Shamba likichoka aliliacha lipumzike, akafungua jingine. Mifugo ilipelekwa malisho ya mbali wakati wa kiangazi. Njia hii ilihitaji nafasi kubwa, na nafasi ndiyo iliyoondolewa na utawala wa Waingereza. Wakamba waliwekewa mipaka. Ardhi nzuri ya vilima vya Mua walipewa walowezi wa Kizungu, na malisho ya uwanda wa Yatta yakawa mali ya serikali, hayaingiwi ila kwa ruhusa. Ndani ya mipaka watu waliendelea kuongezeka, na ng'ombe na mbuzi walizunguka pale pale mwaka baada ya mwaka. Shamba halikuweza tena kupumzishwa. Ukame na nzige wa mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930 vikazidisha taabu. Vilima vikabaki vitupu, na makorongo mekundu yakaonekana kutoka mbali kama makovu.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulika na hifadhi ya udongo, aliandika ripoti juu ya Machakos. Maneno yake yalikuwa makali. Alieleza kwamba kila aina ya uharibifu wa ardhi yaweza kuonekana huko, na kwamba wakazi walikuwa wakielekea umaskini usio na matumaini, na nchi yao kuwa jangwa la mawe na mchanga. Alichokiona kwa macho kilikuwa kweli. Lakini lawama aliwatupia wenyeji na mifugo yao, wala hakuupima vya kutosha uzito wa ile mipaka iliyowabana.

Serikali ikaamua kwamba dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo, na wengi wao walikusudiwa kupelekwa katika kiwanda cha nyama kilichojengwa Athi River. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa benki yake, mahari ya mwanawe, na akiba ya siku ya njaa. Basi mwezi wa Julai mwaka ule, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko, wakataka kuonana na Gavana. Walikaa kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa baadaye akapelekwa Lamu kizuizini, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Leo barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake.

Hapa, msomaji, tusidanganyike. Wakamba walishinda shauri la ng'ombe, lakini udongo uliendelea kuteremka mitoni. Kukataa dawa mbaya hakuponyi ugonjwa. Ilibaki kutafutwa dawa iliyo njema, nayo haikupatikana kwa siku moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1946, serikali ilitoa fedha nyingi kuliko zamani kwa ajili ya ardhi ya Waafrika, na Machakos ikapata sehemu kubwa. Watu waliamriwa kutoka mara mbili kila juma kuchimba matuta, machifu wakisimamia. Matuta yaliyochimbwa mwanzoni yalikuwa ya namna iitwayo fanya chini: mtu huchimba mtaro kwa kukingama kilima, akatupa udongo upande wa chini. Kazi hii si ngumu sana, kwa kuwa udongo hutupwa kwa mteremko. Lakini mtaro hujaa matope upesi, maji yakafurika, na tuta likakatika. Tena wengi waliochimba kwa shuruti hawakuyapenda matuta hayo. Wengine walishuku kwamba ardhi ikisha tengenezwa itachukuliwa na walowezi kama ilivyochukuliwa ile ya Mua. Mtu mwenye shaka kama hiyo hawezi kulitunza tuta hata kama ametumwa kulichimba.

Katika miaka ya 1950 namna ya pili ilianza kupendwa na wakulima wenyewe, nayo ni fanya juu. Mtaro huchimbwa vilevile kwa kufuata usawa wa kilima, lakini udongo hutupwa upande wa juu, ukawa ukingo. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka kutoka shambani huzuiwa na ukingo ule, nao hujikusanya nyuma yake. Msimu baada ya msimu shamba hujisawazisha lenyewe, hata kile kilichokuwa mteremko kikawa ngazi pana. Maji hukaa juu ya ngazi ile, yakazama polepole kwenye mizizi. Juu ya ukingo hupandwa nyasi, kama mabingobingo, ili mizizi yake ishike udongo, na majani yake yawe chakula cha ng'ombe. Ndani ya mtaro, ambako unyevu ni mwingi, mtu aweza kupanda migomba.

Ili ujue kazi hii ni kubwa kiasi gani, fanya hesabu. Mtaro wa kawaida una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Mtaro wa namna hiyo wenye urefu wa mita 100 hutoa mita za ujazo 36 za udongo, na udongo wote huo hurushwa juu kwa sepetu. Shamba moja dogo la mlimani huhitaji mitaro kadhaa. Fedha za kukodi trekta hazikuwapo, wala trekta lisingeweza kupita. Nguvu ilitoka wapi?

Ilitoka kwa majirani. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya, ambayo watu hukusanyika kumsaidia mmoja wao, naye kesho huwasaidia wengine. Katika siku za matuta ya shuruti jina hili lilitumiwa na serikali, likaanza kuchukiza. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 shuruti iliondoka, na kwa miaka michache kazi ya matuta ilipungua. Wako waliodhani kwamba sasa yote yataharibika. Haikuwa hivyo. Watu waliirudia kazi kwa hiari yao, na katika miaka ya 1970 na 1980 walichimba matuta mengi kuliko yaliyochimbwa wakati wa shuruti. Vikundi vya mwethya vilijaa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi Nairobi na Mombasa. Wanawake walichagua viongozi wao, wakapanga zamu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Serikali na wafadhili walisaidia kwa ujuzi, na pengine kwa majembe na sepetu, lakini jasho lilikuwa la wenye mashamba.

Tuta peke yake halimshibishi mtu. Linafanya kazi moja tu: kukizuia shambani kile ambacho tayari ni chako, yaani udongo na maji. Baada ya hapo wakulima waliongeza mambo mengine, moja baada ya jingine, kadiri mkono ulivyofika. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea, na wengi waliinunua kwa mshahara wa kazi ya mjini. Mifugo ilifungwa zizini ikaletewa majani, na samadi ikachukuliwa shambani badala ya kupotea njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Mbaazi na kunde, ambazo hustahimili ukame, hazikuachwa. Wenye mashamba ya mlimani walipanda kahawa juu ya ngazi zao, na wengine maembe, mipapai na michungwa. Miti ya kuni na ya kujengea ilipandwa mipakani, na maji ya paa yakakingwa katika matangi.

Sasa tutazame matokeo. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, maana yake kwamba watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Walizifananisha picha zilizopigwa Machakos mwaka 1937 na picha mpya za mahali pale pale. Vilima vilivyokuwa vitupu vilikuwa na ngazi na miti. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 watu wa wilaya walikuwa kama 240,000. Mwaka 1989 walikuwa kama 1,400,000. Hata hivyo walikadiria kwamba mazao ya kila eneo la ardhi yalikuwa yameongezeka mara kumi, na mazao kwa kila mtu karibu mara tatu.

Mwanafunzi wa historia hapaswi kuishia hapo. Yampasa aulize ni mambo gani mengine yaliyosaidia. Ardhi nayo iliongezeka: watu walihamia Makueni, na baadaye Yatta na mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Nairobi ilikuwa karibu, ikatoa kazi na soko. Wala si kila nyumba iliyonyanyuka. Wachunguzi waliofuata walionyesha kwamba mwenye mshahara wa mjini aliweza kulitengeneza shamba lake vizuri, na maskini asiye na mshahara wala jamaa wa kumsaidia aliachwa nyuma. Kujitegemea kwa watu wa Machakos hakukuwa kujifungia. Walipeleka watu na mazao sokoni, na faida waliyoipata wakairudisha katika udongo.

Lakini soko nalo lina mpaka wake, na hilo lilionekana mwaka 1984 mvua iliposhindwa katika sehemu kubwa ya Kenya. Wakamba huzipa njaa zao majina, na njaa ile waliiita Nikw'a Ngwete, yaani, “Ninakufa nikiwa nimeshika.” Ameshika nini? Ameshika fedha. Alikuwa nazo mkononi, lakini dukani chakula hakikuwapo. Katika maneno hayo mawili pana somo kamili la uchumi. Fedha ni msaada mkubwa kwa mwenye shamba, lakini haliwi badala ya ghala.

Yamebaki mambo matatu ambayo ningependa uyashike, msomaji. La kwanza, mwenye shamba dogo na fedha kidogo haanzi kwa kununua, huanza kwa kuzuia kinachopotea: udongo usiteremke, maji yasikimbie, samadi isitupwe. La pili, kazi kubwa hugawanywa. Mita 36 za ujazo humvunja mtu mmoja, lakini watu ishirini huzimaliza wakizungumza. La tatu, kazi ile ile iliyochukiwa ilipoamriwa ilipendwa ilipochaguliwa, kwa sababu mchimbaji alijua kwamba shamba ni lake na litabaki kuwa lake.

Maneno fanya juu na fanya chini hutumika leo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa, na hufundishwa katika nchi nyingine zenye vilima vikavu. Ukipita Ukambani wakati wa vuli utaziona ngazi zenyewe zikiwa na mahindi machanga, na kwenye kingo zake nyasi. Mahali pengine utaona pia tuta lililokatika na mfereji ulioanza kuchimbika. Huo ni ufa mpya, nao unamngojea mtu wa kizazi chako auzibe.