Mashine ya Makasia: Karne Nyingi za Kuyatafuta Maji Nchi Kavu

Mnunuzi wa mashine ya kupiga makasia ya nyumbani hukuta aina nne za ukinzani: wa mafuta, wa sumaku, wa upepo na wa maji. Matangazo humvuta kwenye skrini na idadi ya viwango, ilhali historia ya chombo hiki inaelekeza kwenye swali zito zaidi: je, mashine inaijibu nguvu ya mvutaji kama maji yanavyolijibu kasia? Swali hilo ni la kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, inasimuliwa, jemadari Chabrias wa Athens aliwazoeza wapiga makasia wapya ufukweni juu ya fremu za mbao. Huko waliweza kujifunza kwenda pamoja, lakini kasia lisilogusa maji halimpi mtu uzito wa kuushinda.

Mwaka 1872, Mmarekani William Curtis alipata hataza ya mashine yenye silinda ya majimaji, na ukoo wake ndio mashine ndogo za mafuta za leo. Ni za bei nafuu na hukunjwa zikahifadhiwa pembeni, lakini zina dosari ya kimaumbile: mafuta yakipata moto hulegea, na mvuto wa dakika ya ishirini unakuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Baadaye yalikuja magurudumu mazito ya chuma yenye breki za msuguano, yaliyofaa zaidi kupima nguvu za wanamichezo.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1981, pale ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, walipouza mashine yao ya kwanza ya Concept2: gurudumu la baiskeli lililofungwa mapezi ya plastiki na kuzungushwa kwa mnyororo. Upepo, kama maji, huzidi kukaza kadiri unavyosukumwa kwa kasi. Ukiongeza kasi ya gurudumu mara mbili, nguvu inayohitajika hupanda mara nane. Mwishoni mwa muongo huo John Duke akaweka mapezi ndani ya tangi la maji na kuzaa WaterRower, inayofuata kanuni hiyohiyo. Katika zote mbili, anayeanza na bingwa hutumia mashine moja, kila mmoja akipata ukinzani wa jasho lake mwenyewe.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mashine ya upepo inavuma na itawaudhi majirani. Ni kweli, na kwa anayeishi ghorofani sumaku ni jibu la haki: haigusani na gurudumu, hivyo haina kelele wala haichakai. Gharama yake ni kwamba uzito hutegemea zaidi kiwango ulichochagua kuliko bidii yako. Wengine watasema kitasa cha mashine ya upepo chenye namba 1 hadi 10 nacho ni kiwango tu. Sivyo, kinapunguza au kuongeza hewa inayoingia, na hata kikiwa chini, anayevuta kwa kasi atachoka.

Kwa hiyo, mwenye nafasi na uwezo achague upepo au maji. Mwenye kuta nyembamba achague sumaku. Mafuta yabaki kwa mwenye bajeti ndogo na mazoezi mafupi. Kabla ya kulipa, kaa kwenye mashine, vuta taratibu, kisha vuta kwa nguvu zako zote. Isipobadilika mikononi mwako, iache.