Bujumbura: Kiwanda, Mto na Darasa la Kiswahili

Kaskazini mwa Bujumbura, upande wa Ngagara, liko soko ambalo watu wengi hulitaja kwa jina la COTEBU. Mtoto anayetumwa huko kununua nyanya au ndagala hulitamka jina hilo kila siku, lakini mara nyingi hajui kwamba herufi hizo zilikuwa jina la kiwanda cha nguo. Historia ya mji huu na viwanda vyake yatuhusu sana sisi tunaosomesha Kiswahili, kwa kuwa lugha hii iliingia Bujumbura kwa mlango wa kazi. Ilikaa miaka mingi nje ya shule, na ilipokaribishwa darasani, sehemu kubwa ya kazi iliyoilea ilikuwa imekwisha kuondoka.

Usumbura, kama mji ulivyoitwa kabla ya uhuru wa 1962, ulianza kuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Askari, wapagazi na wafanyabiashara, wengine wakitokea Ujiji na pwani, walikuja na Kiswahili chao. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za Dar es Salaam zikawa zikivushwa ziwani hadi Usumbura. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, nao walihitaji kuli, dereva, mwashi na seremala. Watu hao walitoka pande nyingi, na lugha iliyowaunganisha kazini ilikuwa Kiswahili. Mtaa wa Buyenzi ndio uliojulikana kuwa mtaa wa Waswahili. Ifahamike kwamba hapa neno Mswahili halikuwa jina la kabila: lilimaanisha mtu wa mjini, aghalabu Mwislamu, aishiye kwa ufundi au biashara.

Shule, kwa upande wake, ilijenga nyumba yake kwa Kirundi na Kifaransa. Hata mageuzi ya 1973, yaliyokipa Kirundi nafasi kubwa katika shule za msingi, hayakukiwekea Kiswahili kiti. Hivyo Kiswahili kikafunzwa karakanani, sokoni na bandarini. Fundi mkuu alikuwa mwalimu, na mwanafunzi alijua neno kwa sababu alikuwa ameshika kifaa chenyewe mkononi. Aidha, lugha hiyo ilibebeshwa sifa mbaya. Kwa watu wengi wa milimani, kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu sawa na kumwita mjanja asiyeaminika. Dharau hiyo haijaisha kabisa.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua kwa viwanda. Brarudi, kiwanda cha bia, kilianzishwa mwaka 1955, na katika miaka hiyo ya 1950 Ngagara ilijengwa na ofisi ya nyumba za Waafrika iliyoitwa OCAF, jina ambalo wazee bado wanalikumbuka. Kati ya Buyenzi na ziwa ukaenea Mtaa wa Viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja jambo kubwa zaidi: China ilisaidia kujenga COTEBU, kiwanda cha kufuma na kupiga chapa nguo, ili pamba iliyolimwa katika bonde la Imbo isiondoke nchini ikiwa mali ghafi tu. Wenzetu wa Dar es Salaam walikwisha kuiona njia hiyo mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa kwa msaada wa nchi hiyohiyo. Katika miji yote miwili kiwanda kilikuwa zaidi ya mashine. Kilikuwa mshahara wa mwisho wa mwezi, ada ya mtoto, na kijana kupata ufundi.

Kuanguka kwake hakukuwa na sababu moja. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita viliingia nchini na mitaa ya mji ikagawanyika. Bwiza na Buyenzi, ambako watu walikuwa bado wamechanganyika, nako kulishambuliwa Machi 1995. Bonde la Imbo halikuwa salama kwa mkulima wa pamba. Kisha nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, ikawa shida kupata vipuri na masoko. Mitumba na vitambaa vya bei nafuu kutoka nje vilimalizia kazi. Kufikia mwaka 2007 mashine za COTEBU zilikuwa zimenyamaza. Katika muongo uliofuata kampuni ya Afritextile ilianza tena kufuma humo, lakini vijana wengi walikwisha kutafuta riziki mahali pengine, kwa uchuuzi au katika gereji za Buyenzi. Soko kuu la mji lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, masoko ya mitaani yalizidi kufurika watu.

Mto na ziwa havikupumzika viwanda vilipopumzika. Ntahangwa hushuka kwa kasi kutoka milimani, ambako mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko mikali, hupita kati ya mitaa na kuingia Tanganyika. Kila masika humega kingo zake, huku watu wakichimba mchanga na mawe humohumo mtoni. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji na matope yaliifunika mitaa ya kaskazini, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mafuta machafu ya gereji, taka za masoko na maji ya viwanda hufuata mitaro hiyohiyo mpaka ziwani. Nalo ziwa, lenye kina cha mita 1,470 hivi, hubadilisha maji yake polepole mno. Kinachotupwa leo hukaa vizazi vingi. Mji huchota maji yake ya kunywa katika ziwa hilohilo. Mkataba wa kulihifadhi uliotiwa sahihi na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia mwaka 2003 ni jambo jema, ila mkataba hauzoi taka mtaroni.

Basi turudi darasani. Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa, na watoto wakamiminika. Madarasa mengi yakajaa kupita kiasi, mengine yakisoma kwa zamu ya asubuhi na ya mchana. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na karibu na wakati huo Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, pamoja na Kiingereza, juu ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kikapata kiti hatimaye. Hatari yake ni hii: mtoto aweza kukariri ngeli zote, akajua mnazi na jahazi, asiweze kueleza kwa Kiswahili kilichoubomoa ukuta wa jirani yake. Lugha ya kazi itakuwa imegeuka lugha ya mtihani.

Walimu wenzangu, dawa yake haihitaji fedha nyingi. Darasa la Buyenzi laweza kwenda gerejini na kuandika majina ya vifaa: spana, bisibisi, tindo, patasi, wanafunzi walinganishe na majina ya Kifaransa wanayoyasikia. Darasa la Ngagara laweza kumwalika mzee aliyefanya kazi kiwandani, wamuulize kuhusu uzi, rangi, zamu na mshahara, kisha waandike habari zake kwa mpangilio wa miaka. Darasa lililo karibu na Ntahangwa laweza kuchora ramani ya mto na kujifunza maneno korongo, gema, mtaro na mmomonyoko, halafu liandike barua kwa viongozi wa mtaa.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuingiza lugha ya mitaani shuleni. Sidhani. Sarufi sanifu ibaki palepale, na makosa yasahihishwe. Tunachoomba kutoka mtaani ni maarifa, maana wazee waliofanya kazi viwandani wanapungua kila mwaka, na wakiondoka bila kuulizwa, COTEBU litabaki jina la soko tu.